Chakula cha Shimoni Hakingoji

"Muongo mkubwa wewe! Mkate huu haukuokwa kwenye chemchemi ya maji moto. Umeokwa jikoni kwangu, tena kwa gesi!"

Soko zima la Jumamosi liligeuka. Pirihira, aproni nyekundu kiunoni na unga hadi kwenye nyusi, alikuwa amemuumbua Eruera, kijana wa mabega mapana aliyekuwa akitembeza wageni na kuwapambia habari za mikate yake, kidani cha jiwe la kijani shingoni. Wageni wakaangua kicheko. Eruera naye akacheka, akanunua mikate yote.

"Dada, umeshaniaibisha, sasa nilishe. Unapatikana wapi?"

Mapenzi yakaanzia hapo. Pirihira alikuwa na mkahawa wake hapa mjini Rotorua, wa chakula chetu sisi Wamaori: nyama na viazi vitamu vilivyofukiwa shimoni juu ya mawe ya moto. Eruera akawa anamletea wageni baada ya kuwaonyesha michezo yetu na nyumba za kuchongwa. Wakapendana hadi watu wakaona wivu. Ila Eruera na saa, mbingu na ardhi.

"Uko wapi?" Pirihira aliuliza kwenye simu.

"Njiani, mpenzi."

"Njiani wapi? Nasikia watu wanapiga makofi!"

"Mgeni mmoja kauliza habari za mababu. Ningemkatizaje?"

"Eruera, shimo nimeshalifunua! Nyama inakauka!"

"Dakika tano tu, roho yangu."

Jamani, dakika tano za mwanaume huyu! Alipofika na basi zima la wageni, nyama ilikuwa ngumu kama kiatu. Sahani zikarudishwa jikoni moja baada ya nyingine, na Pirihira aliyeamka alfajiri kuchoma mawe akazipokea kwa mikono yake, machozi yakimtoka.

"Unawapenda wageni kuliko mimi."

"Si nakuletea wewe? Kwani namfanyia nani kazi hii?"

"Basi usiniletee. Na wewe mwenyewe usije!"

Eruera akaelewa vingine. Akadhani anafukuzwa kwa kuwa ukoo wake ni wa kaskazini, naye kakulia ng'ambo, Sydney, hana ndugu mjini hapa. Akaondoka. Wiki zikapita, kila mmoja anaitazama simu yake, hakuna anayepiga. Kiburi hicho, nilitamani niwatandike wote wawili!

Halafu Jumapili moja Eruera akatokea uwanjani mbele ya nyumba ya ukoo wa Pirihira, suti nyeusi, peke yake. Kuposa peke yake! Tangu lini? Wenyeji walikaa upande mmoja, yeye upande wa pili na viti vitupu. Lakini alisema vizuri, kwa Kimaori safi.

"Nilikuwa sijui kungojea kunavyouma. Sasa nimejua. Namwomba Pirihira."

Kwetu, msemaji akimaliza, watu wake husimama nyuma yake wakamwimbia. Hotuba isiyoimbiwa imeanguka, na aibu ni ya ukoo mzima. Mwenyeji naye hamwimbii mgeni. Eruera akabaki amesimama, jasho linamtoka, na mjomba mkubwa wa Pirihira akainamisha macho kwenye viatu vyake.

Hasira zikampanda Pirihira. Mjinga huyu! Hata mama yake mzazi hakuweza kumpigia simu aje? Akasimama. Mama yake Pirihira akamshika gauni.

"Kaa chini. Ukivuka uwanja huo, umeshajibu."

"Najua, mama."

Akauvuka uwanja ule wa majani mbele ya wajomba, mashangazi na majirani, gauni lake jeusi likimpiga magotini, akasimama nyuma ya Eruera. Akaanza kuimba peke yake, sauti inakwaruza kwa kilio. Ubeti wa kwanza ulipokwisha, akamnong'oneza mgongoni:

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Basi imba na wewe, usiniache peke yangu."