Mwatiko wa Kizingo na Mgongo wa Masha

Kila asubuhi, akirudi kutoka chuo cha Kurani, Swabaha aliteka maji ya kisima cha Mji wa Kale akaenda kwenye pipa la samaki waitwao mwatiko. Babake, Kamaludin, alikuwa amewavua samaki hao wangali hai katika maji ya chumvi ya Makupa. Bwana mmoja mkubwa wa serikali ya kikoloni, mkazi wa mtaa wa Kizingo, aliwataka awafuge katika birika lake la maji matamu, maana wakati ule wa vita vya dunia kitoweo kilikuwa haba mezani pake. Kwa wengine kilikuwa haba hata kabla ya vita.

"Kila siku toa ndoo mbili za maji ya chumvi, tia mbili za kisima," Kamaludin alimwagiza. "Siku kumi. Mwili wa samaki hujifunza polepole."

Wasomi husema ni kazi ya homoni, ujumbe upitao ndani ya damu kuuamuru mwili wa samaki ushike chumvi na utoe maji ya ziada. Kamaludin hakusoma. Alijua kwa kutazama.

Siku ya nne mchezo wa mdako ulinoga, Swabaha akaacha kubadili maji. Akaacha na ya tano, mpaka ya tisa. Siku ya kumi akamwaga maji karibu yote, akalijaza pipa kwa maji ya kisima.

"Umetia kila siku?" babake akauliza.

"Kila siku, baba."

Masha, mchukuzi wa rukwama, akalisukuma pipa hadi Kizingo. Kulipokucha samaki walikuwa wanaelea, wamevimba, macho meupe.

"Umewatia sumu," Bwana akamwambia Masha.

"Mimi nimesukuma tu, Bwana."

"Basi umesukuma sumu."

Kamaludin na Swabaha walipofika kuchukua pipa, Masha amelazwa kifudifudi, askari anamchapa, Bwana anahesabu huku akinywa chai.

"Si yeye," Swabaha akasema. "Mimi niliacha siku sita, kisha nikatia maji yote kwa mara moja."

Bwana akamaliza kuhesabu hadi kumi na mbili. "Leteni samaki wengine. Huyu mchukuzi atanivunjia mawe hapa mpaka nione wanaishi. Wakifa, anakwenda jela."

Kamaludin akavua wengine, na asubuhi kumi Swabaha alitia ndoo mbili mbili, hakukosa hata moja. Samaki wakaishi. Masha akafunguliwa lango bila hata kuambiwa pole.

Swabaha alimngojea nje. "Shikamoo, mjomba. Nisamehe."

"Marahaba. Keti wewe, mimi mgongo bado haujaniruhusu kuketi." Masha akamtazama. "Yule ndani hatajifunza kitu. Wakubwa hukosea wakachapwa wengine. Wewe jifunze. Kazi ukiiacha, sema siku ile ile, kosa likiwa bado ndani ya pipa. Ukilificha litatoka, na likitoka halimwendei Bwana, wala lako halikukujia wewe. Limenijia mimi."

Akainama taratibu, akashika rukwama yake. Swabaha akaenda nyuma, akasukuma naye.