Kikombe Alichokunywa Baba kwa Bismillahi

Nina miaka ishirini na saba. Shahada yangu ya historia iko kwenye bahasha chini ya godoro, na tangu nihitimu naishi kwa wazazi wangu hapa Kilwa Masoko, nikijitolea kufundisha shule moja ya sekondari bila mshahara. Jina langu nalihifadhi. Naandika kwa sababu kila ninayemsimulia kwa mdomo hunikatiza kabla sijafika mwisho... Labda ninyi wasomaji mtanivumilia.

Kwanza mjue ugonjwa wangu. Mimi nawaza kupita kiasi! Nikitumwa chumvi, nasimama dukani nikilinganisha pakiti mbili mpaka mwenye duka aniulize kama nimetumwa na serikali. Mama alikuwa akinitania, "Mwanangu, wewe hata maji ya kunywa utayapigia ramli!"

Baba yangu alikuwa mwadhini wa msikiti wa mtaa wetu kwa zaidi ya miaka thelathini. Alizaliwa Mchinga, akakulia kwenye kazi ya kukausha mbata za nazi, akahamia huku kwa ajili ya ndoa. Mwaka juzi alipooza upande mmoja. Alinyanyuka tena, akatembea na fimbo, lakini ulimi ukabaki mzito na ladha ya vitu ikampotea. Uji wenye sukari na usio na sukari kwake ulikuwa uji mmoja. Hata hivyo kila alfajiri alishikwa mkono mpaka msikitini, na akianza kuadhini, ajabu, ulimi ulifunguka! Mzee aliyeshindwa kutamka jina la mkewe vizuri aliadhini bila kukwama hata mara moja. Ile ndiyo ilikuwa heshima yake yote. Hakuwa na nyingine, wala hakuitaka.

Sasa nimlete Gerald. Chuoni tulilala chumba kimoja. Yeye alipata kazi nzuri kisiwani Songo Songo, na siku zake za mapumziko huvuka kuja Masoko, ambako amepanga nyumba. Ndiye aliyeniingiza kwenye kikundi chao cha kuonja wiski. Walikuwa wanne, nami wa tano. Walikutana Jumapili moja kila mwezi, alasiri. Hawakuwa walevi, lazima niseme kweli. Walimimina kidogo tu chini ya glasi, wakanusa, wakadondoshea matone ya maji, wakabishana hadi magharibi. Mmoja wao alikuwa mhandisi mwenye cheo. Gerald aliniambia, "Huyo akikuzoea, Profesa, kazi unayo."

Je, sikujua kwamba ni haramu? Mtoto wa mwadhini asijue! Nilijua. Nilijidanganya kwamba naonja tu, tena kwa ajili ya kazi. Na la aibu zaidi ni kwamba niliipenda. Siku ya kwanza waliponipa ile yenye harufu ya moshi, nilifumba macho nikamwona babu yangu Mchinga, ameinama juu ya tanuri anageuza mbata. Nikasema hivyo kwa sauti. Wakaangua kicheko, lakini mhandisi akapiga meza: "Huyu ana pua!"

Ndugu msomaji, tangu nihitimu hakuna mtu aliyekuwa amenisifia chochote. Pua yangu ikawa ndiyo shahada yangu.

Kikundi kilikuwa na sharti moja. Mwenye zamu huchagua wiski peke yake, kisha huimimina kwenye chupa tupu isiyo na nembo, ili watu waonje kwa ulimi na si kwa jina. Zamu yangu ilipotangazwa sikulala vizuri mwezi mzima. Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Nichukue yenye moshi, wadhani sijui nyingine? Nichukue laini yenye harufu ya asali na zabibu kavu, wanione mwoga? Mwishowe nikaagiza kutoka Dar iliyo katikati ya hizo mbili, asali mbele na moshi nyuma, nikaipokea stendi ikiwa ndani ya boksi la viatu. Nilionja tone moja tu. Ilikuwa nzuri, wallahi! Ilianza tamu kama haluwa, ikamalizia na moshi mwembamba uliokaa kooni kama kumbukumbu. Nikajiambia, mhandisi safari hii atasimama.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipoanza kunichimbia kaburi...

Nilikuwa nimesoma kwamba chupa ya plastiki huharibu harufu. Nikatafuta ya kioo. Nyumbani chupa za kioo zilikuwa za aina moja tu, chupa za marashi alizotumia shehe kumletea baba kombe. Asiyejua kombe nimweleze: aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi, na mgonjwa akanywa yale maji. Rangi yake ni ya dhahabu. Likiisha, mama aliosha chupa na kuiweka ili irudishwe kwa shehe. Nikachukua moja, nikaisuuza mara tatu, nikamiminia wiski yangu humo.

Nilikuwa nimesoma pia kwamba mwanga na joto ni adui. Nikaifunga kwa kitambaa cheupe, nikaisimamisha nyuma ya mtungi wa maji, mahali penye ubaridi kuliko pote ndani ya nyumba. Nilifikiria kila kitu! Kila kitu, isipokuwa kwamba hata mama huifunga chupa ya kombe kwa kitambaa cheupe.

Alhamisi mama aliniambia kombe la baba limekwisha, kesho baada ya swala nikachukue jipya kwa shehe. Nikaitikia. Ijumaa ikapita nikiwa nasoma kama wiski iliyohamishwa chupa ipumzike saa ngapi. Nikasahau.

Jumamosi asubuhi nilitoka kwenda kutafuta glasi za kuazima. Mama akaenda mtungini kuchota maji, akaiona chupa. Baadaye alinisimulia kwamba alifurahi sana. Alisema moyoni, mwanangu kamkumbuka babake.

Akaimimina ikajaa kikombe kizima cha kunywea chai, kama shehe alivyoagiza, kabla mgonjwa hajatia kitu tumboni. Mama hajawahi kunusa wiski maishani mwake, na chupa bado ilinukia marashi. Baba akasema bismillahi, akanywa. Akakohoa. Akamwambia inachoma. Mama akamjibu, "Vumilia baba watoto, dawa ndivyo ilivyo." Na kombe haliachwi, wala halitemwi, wala halimwagwi, kwa sababu yale ni maneno ya Mungu yaliyoyeyuka ndani ya maji. Baba alilijua hilo kuliko sisi sote. Akafumba macho, akanywa mpaka tone la mwisho, akasema alhamdulillahi!

Niliporudi nilikuta majirani wamejaa uani. Baba alikuwa ametapika, amelegea, macho yamegeuka. Tukamkimbiza hospitali. Muuguzi aliyeinama kumsikiliza pumzi alishtuka, akauliza mbele za watu, "Mzee huyu amekunywa pombe?"

Mama alimjia juu. "Mume wangu mwadhini! Ulimi wako uushike!"

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, ukutani. Nilielewa yote kwa mara moja. Je, nilifungua mdomo? Sikufungua. Niliwaza nikisema sasa mama atazimia, na mzee atashtuka, na daktari ataita polisi... Nikawaza mpaka nafasi ikapita. Nikarudi nyumbani mbio, nikamwaga iliyobaki chooni, nikaenda kwa shehe kuchukua kombe la kweli, nikaliweka nyuma ya mtungi. Nikafunga kitambaa vilevile. Huo ndio unyama nilioufanya kwa mikono yangu!

Jioni nilimpigia Gerald nikilia. Nilimweleza kila kitu. Akaniambia, "Nyamaza, Profesa. Mzee akipona yataisha."

Baba alipona kiasi cha kurudi nyumbani, lakini maneno yalikuwa yametangulia. Masoko ni ndogo. Kufika Jumatano ilishasemwa kwamba mwadhini ni mlevi wa chini kwa chini, kwamba kupooza kwake kulitokana na pombe. Mzee Ausi wa kamati ya msikiti alikuja na wenzake wawili. Walikuja kwa adabu, walileta na machungwa. Wakasema mzee apumzike, wamepata mtu wa kumsaidia kuadhini.

Alasiri ile adhana ilipoanza kwa sauti ngeni, baba alijigeuza akaelekea ukutani. Adhana ilipokwisha akaniita. Kwa ulimi wake ule mzito akaniuliza, "Mwanangu... kwani mimi nilikunywa nini?"

Nikamjibu, "Sijui, baba."

Siku chache baadaye Gerald alikuja na mwenzetu mmoja wa kikundi kumjulia hali. Waliingia kwa heshima, shikamoo mzee, pole mzee. Walipotoka chumbani wakawa uani, Gerald akamnong'oneza mwenzake, "Umemwona yule mzee? Yule ndiye mwonjaji wa kweli! Kikombe kizima, bila tone la maji!" Wakaziba midomo kwa viganja, mabega yakitikisika. Mama alikuwa nyuma ya mlango wa jiko anapepeta mchele, akasikia.

Nilikuja kujua kwamba Gerald alikuwa ameshakisimulia kisa changu Jumapili ile ile kwenye kikundi, na kwamba mhandisi alicheka hadi akatokwa machozi. Nilipomuuliza Gerald kwa nini, hakuona hata aibu. "Kaka, ni stori kali. Nilidhani na wewe siku moja utaicheka."

Mama hakunipigia kelele. Aliuweka ungo chini, akaniuliza swali moja tu, nami nikamjibu. Kisha akaingia chumbani, yeye mwenyewe akamwambia baba yote, huku akijipiga kifua kwamba mkono uliomimina ulikuwa wake.

Nilidhani baba atanilaani. Hakunilaani. Alisema neno moja moja, kama mtu anayepanda ngazi: "Ijumaa... baada ya swala... simama uwaambie. Wako watu wanajiuliza kama swala zao nilizowaitia zilikuwa sahihi. Waambie... nami nitakutolea radhi."

Kitu kimoja tu! Kusimama na kusema.

Niliandika hotuba. Nikaifuta, nikaandika nyingine. Nianze na salamu au nianze na istighfari, kumwomba Mungu msamaha? Ndani ya msikiti nitaje wiski, au niseme kileo? Nimtaje mama au nimfiche? Ijumaa nilikaa safu ya tatu, karatasi mfukoni imelowa jasho. Swala ikaisha. Nikasubiri watu wamalize dua. Wakamaliza. Nikasubiri watulie. Wakaanza kuvaa viatu... Nikarudi nyumbani nikapitia mlango wa nyuma, nikijiapiza kwamba Ijumaa ijayo, liwe liwalo.

Baba alifariki Jumanne.

Tulipomaliza kumzika, kabla watu hawajatawanyika, nilisimama kando ya udongo mbichi nikasema yote. Sikuhitaji karatasi. Nilitaja chupa, kitambaa, mtungi, na jina la kile kinywaji. Nilisema baba yangu hakuwahi kuonja kileo kwa kujua, kwamba aliyekileta nyumbani ni mimi, mimi peke yangu!

Mzee Ausi akanijia, machozi yanamtoka, akanishika bega mbele ya wote. "Mwanangu, Mwenyezi Mungu akulipe. Mtoto mwema humsitiri mzazi wake hata kwa kujipaka matope."

Na watu wakatikisa vichwa kwa huruma...

Mnaelewa? Hawakuniamini! Kweli niliyoichelewesha waliipokea kama uongo wa mtoto mwenye adabu. Mpaka leo, nikipita mtaani, wazee wananisifu kwa kumfichia baba ulevi wake. Nimemweleza shehe, yeye anaamini, lakini sauti moja itazima midomo mingapi? Nikikataa kwa nguvu, wanazidi kunisifu.

Kikundi nimekiacha. Kazi sikupata. Gerald alituma ujumbe wa pole, na chini yake akaandika kwamba zamu yangu bado ipo.

Lakini hilo silo linaloniamsha usingizini. Siku mama alipomaliza eda, aliniita jikoni, akasema ana jambo limemwelemea. Ijumaa ile, saa ile nilipokuwa napitia mlango wa nyuma, baba alimuuliza, "Kasema?" Mama alikuwa ameniona usoni, alijua. Akamjibu, "Kasema, mume wangu. Wote wamesikia." Baba akatabasamu kwa upande mmoja wa uso uliokuwa mzima, akasema, "Basi nimemtolea radhi."

Mama yangu, aliyekuwa hamdanganyi hata mnunuzi wa vitumbua!

Kwa hiyo radhi ya baba ninayo, wasomaji wenzangu. Ninayo kwa jambo ambalo sikulifanya.

Kijana mwenzangu unayesoma, sikuhubirii juu ya kinywaji. Mimi si wa kumhubiria mtu. Nakusihi hili moja: ukikosa, sema siku hiyo hiyo, hata kwa maneno mabovu, hata kwa kigugumizi. Usingoje uyapange. Mimi niliyapanga yangu yakapangika vizuri sana, na aliyeyangoja alikuwa ameshafukiwa.