Nilisema Dada Ameua Nyumba ya Baba

Mguu wangu wa kulia ulitoboa dari ya chumba alichofia baba, ukaning'inia huko chini na kiatu chake...

Chini yake alikuwepo dada yangu mkubwa, anakunja shuka za kuhamia. Vumbi na vipande vya dari iliyooza vikammwagikia kichwani.

Hakupiga kelele. Alikohoa kwanza, kile kikohozi chake kirefu, ndipo akasema, "Ukishuka kwa njia hiyo utaniepusha na kushika ngazi."

Sikuweza kucheka. Tochi ilikuwa imeniponyoka, imebingirika mpaka ukingoni mwa paa, na pale ilipomulika niliona kitu kilichonisahaulisha hata mguu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo ndugu zangu, maana mkinihukumu nataka mnihukumu vizuri.

Mimi ni fundi wa mapaa. Shule nilisoma vipande vipande, darasa huku, darasa kule, na kazi nimeifanya hivyo hivyo, miji mingi mpaka mingine nimeisahau. Nyumbani niliondoka na miaka ishirini na minne. Nimerudi na sitini na miwili, begi moja na meno pungufu.

Nyumba ya baba niliikuta inanuka kama nguo zilizosahaulika kwenye ndoo. Dari zote zina kuvu nyeusi. Asubuhi mabati yanatoka jasho, linadondokea vitandani. Na dada, aliyebaki humo akamuuguza mama, kisha akamuuguza baba, kifua kimemwisha.

Siku tatu zilizopita tulikaa kikao cha familia. Mdogo wetu wa mwisho, tunayemwita Kitinda, anataka nyumba ibomolewe ajenge yake. Dada hakutaka. Wakasema tumsikilize kaka, fundi, mtu aliyeona mapaa ya dunia.

Nikasimama, kifua mbele. Nikasema nyumba hii haikufa kwa uzee, imeuawa. Nikasema dada anapika madirisha yamefungwa, mvuke wote unapanda darini, na miaka yote hiyo hakuna fundi aliyegusa paa. Nikasema, Mungu anisamehe, kwamba baba angeyaona haya angelia.

Dada aliniuliza swali moja tu.

"Umepanda darini?"

Nikacheka mbele za watu. Nikamwambia kuvu haihitaji kupandiwa, inaonekana hata ukiwa umelala.

Akatia sahihi karatasi ya kukubali nyumba ibomolewe. Keshokutwa wabomoaji wanakuja, naye anahamia chumba cha uani kwa Kitinda, kule wanakoweka majembe na baiskeli mbovu.

Basi leo asubuhi nikapanda. Sikupanda kuchunguza, nilikwenda kutafuta mbao nzima za kuokoa kabla ya kubomoa. Hakukuwa na nzima. Bisibisi ilizama kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kama inazama kwenye mkate. Nikakanyaga vibaya...

Ndipo tochi ikamulika zile mbao za chini ya ukingo wa paa, pale paa linapotokeza nje ya ukuta.

Baba alinifundisha kwamba kati ya ubao na ubao hapo unaacha nafasi ya kidole. Hewa iingie chini, ipande, itokee kwenye matundu ya juu pamoja na joto na unyevu wote. Usipoacha, alisema, umeivalisha nyumba koti la mvua na kuifunga vifungo mpaka shingoni.

Hizi zilikuwa zimebanwa. Hata wembe usingepita.

Na mgongoni mwa kila ubao, kwa penseli, kulikuwa na mduara wenye nukta katikati.

Hiyo ni alama yangu! Naiweka kwenye kila kazi yangu tangu ujana.

Nikakumbuka yote. Baba amelazwa hospitali, mimi begi limeshafungwa, na kazi ya mwisho niliyoachiwa ni mbao hizo. Zile nafasi za kidole niliziona kama kazi ya mlevi. Nikazibana, nikapaka rangi, nikasimama barabarani kuzitazama zilivyonyooka. Nikaenda zangu.

Nilishuka, nikamwambia dada ni mimi niliyezibana zile mbao.

Hakuacha kukunja shuka. "Najua."

"Tangu lini?"

Akanisimulia. Mvua za mwaka wa pili tangu niondoke, baba, ameshapona, alipanda na mtaimbo ili azing'oe. Akaiona alama. Akashuka bila kugusa ubao hata mmoja. Mara mbili dada aliita fundi, mara mbili baba alimrudishia getini.

"Alikuwa anasema mwenye alama yake atarudi azirekebishe," dada akasema. "Kila mwaka, hivyo hivyo. Na aliniapisha usiambiwe. Alisema ukijua utaona aibu, hutarudi."

"Sasa si ungesema kikaoni, dada..."

"Nilikuuliza kama umepanda darini. Zaidi ya hapo kiapo hakikuniruhusu."

Nikaenda kwa Kitinda karibu kwa kukimbia, magoti haya haya. Nikamweleza kila kitu. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Kaka, fundi ni wewe. Juzijuzi umetuambia imekufa. Leo unataka nikae kuuguza maiti?"

Hata mimi, kwa haki, nisingemshauri mtu alale chini ya kenchi zile.

Nikarudi, nikachukua mtaimbo ule ule wa baba. Nikang'oa mbao zote, mbele na nyuma. Jua la mchana, majirani wamesimama wanamwangalia mzee anayetengeneza nyumba ya kubomolewa keshokutwa. Mmoja akauliza kama nimekunywa dawa zangu.

Hewa ikapita. Kupitia lile tundu la mguu wangu, dada aliusikia upepo ukitembea juu. Akaketi kitandani kwa baba, uso ameuinua, anasikiliza. Akavuta pumzi moja ndefu. Nikangoja. Akakohoa kama kawaida.

"Kumbe ni kazi ya mchana mmoja," akasema.

Halafu akaniomba ubao mmoja, wenye alama. Ameufungia kwenye shuka, pamoja na mizigo ya kwenda nayo uani.

Wewe unayesoma hii uko mbali, umemwacha mmoja wenu na wazee. Siku ukirudi ukute mambo yameoza, usimnyooshee kidole aliyebaki. Tafuta ngazi kwanza, panda, uangalie mkono wako ulifanya nini kabla hujaondoka.

Mimi nilipanda. Nimechelewa siku tatu, na miaka thelathini na minane.