Kalamu za Mti wa Kambi

Maranda yalitoka yamelowa.

Mkereza alizima mashine akayatazama. Mbao ile ilikuwa imekaa juani miezi minane. Ilipaswa kutoa maranda makavu, mepesi, yanayoruka ovyo kama pumba. Haya yalimwangukia mkononi yakanata hapo, membamba, ya vuguvugu, kama ngozi inayobambuka baada ya kuungua. Aliyabandua moja moja kwa kucha. Chini yake vinyweleo vilikuwa vimelala katika ute.

"Mti una maji," alijiambia, akawasha mashine tena.

Kazi ilikuwa kalamu arobaini. Kikosi kilikuwa kinajiandaa kwenda mpakani kwa mwaka mzima, na kamanda alitaka kila askari aondoke na kalamu ya kuandikia nyumbani. Mti aliutoa yeye mwenyewe: ule uliokuwa pembeni ya uwanja wa gwaride, uliokatwa kupisha ghala jipya. "Wabebe kipande cha kambi mfukoni," alisema. Mkereza alikubali pale pale, kwa sababu mmoja wa askari hao arobaini alikuwa binti yake wa pekee, koplo.

Mti ulikuwa mzuri, ila una matundu. Kila kipande alichokata kilikuwa na tundu moja, la duara, upana wa punje ya mtama. Hakikuwapo chenye mawili, wala kisichokuwa nalo. Ndani palikuwa pasafi, kana kwamba pamelambwa.

Matundu hayakumsumbua. Kila fundi wa kalamu anajua dawa yake: unachukua unga wa mbao ile ile ili rangi zifanane, unashindilia tunduni, unadondoshea gundi nyepesi, ikikauka unapiga msasa. Mtu hataona kitu. Wateja wakimsifu alikuwa akijibu, "Kalamu yenye tundu si kalamu, ni filimbi."

Ya kwanza alimpa binti yake, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya siku nne. Koplo aliigeuzageuza, akaandika jina lake mara mbili, kisha akaitia mdomoni akaanza kuitafuna. Tangu shule hakuwahi kuwa na kalamu isiyo na alama za meno.

"Mtu mzima, cheo begani, unatafuna kalamu kama mbuzi," mama yake alisema.

"Mama, mimi nafikiria kwa meno."

"Basi ndiyo maana."

Walicheka wote. Kisha mama akaacha kucheka, akanusa. "Baba Koplo, umekanyaga nini?"

Mkereza alitazama soli za viatu vyake. Hakukuwa na kitu. Lakini harufu ilikuwapo, ya maziwa yaliyochachia kwenye kitambaa cha mtoto.

Kesho yake, alipofungua sanduku la kalamu zilizokamilika, alikuta zote zimetoka jasho. Pale alipoziba matundu palikuwa pamevimba. Alipapapasa kwa kidole gumba. Palikuwa laini. Alipiga msasa, na karatasi ikageuka njano. Baada ya chai uvimbe ulikuwa umerudi, mkubwa zaidi, wenye ncha nyeupe kama kipele kilichoiva.

Alichukua sindano, akatoboa kimoja.

Kilipasuka kwa sauti ndogo. Usaha ulimrukia kwenye mdomo wa chini. Alitema, akajifuta kwa mkono wa shati, akatema tena. Ndani ya tundu ulionekana unywele. Aliushika kwa koleo akavuta, ukaja. Akavuta, ukaja, hadi ulipokuwa mrefu kuliko kalamu yenyewe, na ulipong'oka mwisho wake ulikuwa na kinundu cheupe chenye unyevu, na kinundu kile kilijikunja mara moja, polepole, kama mdudu aliyemwagiwa chumvi.

Alitapikia kwenye ndoo ya maranda. Aliosha mikono mara tatu. Kisha, kwa kuwa makabidhiano yalikuwa keshokutwa na hajawahi kumpelekea mtu kazi yenye dosari, alifanya alichozoea kufanya: alishindilia unga, akadondoshea gundi, safari hii matone mawili. Alizipitia zote namna hiyo. Ilipofika adhuhuri hakukuwa na kalamu yenye tundu wala kipele.

Hapo umeme ukakatika. Mashine ilipunguza mwendo, ikasimama, na katika ukimya ule alisikia sauti ambayo mngurumo ulikuwa umeificha tangu asubuhi. Alidhani ni paka analamba kitu. Aliifuata, akipita kwenye meza ya patasi, akipita kwenye makopo ya gundi, mpaka kwenye sanduku, na alipoweka sikio juu ya kifuniko alitambua kuwa si kulamba bali ni kunyonya, kunyonya kwa vinywa vingi vidogo visivyopata kitu, vinavyovuta na kuachia na kuvuta tena, na kila vilipoachia vilitoa kilio chembamba cha njaa, vyote kwa pamoja.

Simu yake iliita. Alikuwa mke wake, akinong'ona.

"Njoo nyumbani. Njoo umwone mwanao."

"Ana nini?"

"Njoo tu. Usiulize kwa sauti, anasikia."

Koplo alikuwa ameketi kitandani, kalamu mdomoni, midomo imeikaza kama mtoto aliyekamata titi. Lakini hakuwa ananyonya. Mashavu yalikuwa yanabana kwa ndani, yanasukuma, na kutoka pembeni mwa mdomo ulitiririka uji mweupe wenye madonge, ukashuka kidevuni, shingoni, hadi kwenye fulana ya jeshi iliyokuwa imegandamana kifuani. Nzi walitembea juu yake naye hakupepesa jicho. Asubuhi alikuwa na uso wa mviringo. Sasa mifupa ya mashavu ilikuwa imetokeza.

"Nilijaribu kuivuta," mama alinong'ona. "Akaning'ata. Tazama." Alama za meno kwenye kiganja chake zilikuwa mistari miwili juu, miwili chini.

"Koplo," mkereza aliita. "Mwanangu."

Binti aligeuza shingo. Sauti ilitokea kooni, midomo ikiwa imefumba vile vile, nzito, ya mwanamke aliyekesha na watoto.

"Umewafungia wangu," ilisema. "Sasa nawalisha kwa huyu wako."

Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi mwanamke aliyekuwa msusi wa nywele. Mtaa mzima ulijua kuwa ana kazi nyingine, ya kutoa mapepo, ingawa hakuitangaza. Walipomwita alikuja na kitana bado kimechomekwa kichwani na glavu za kupakia rangi. Alifika mlangoni tu, akaziba pua.

"Hili ni jike," alisema. "Na limezaa. Fundi, umeziba nini?"

"Matundu tu. Ya mbao."

"Matundu tu! Mlango wa mwenzio wewe unauita tundu?" Alimtazama binti, kisha fulana yake. "Alikuwa na watoto ndani ya mti, kila mmoja na chumba chake. Umewafungia na gundi. Hapa amepata mdomo mmoja wa kupitishia chakula, na chakula chenyewe anakitoa ndani ya mwanao. Watoto ni wangapi?"

"Arobaini, pamoja na wa hiyo yake."

"Basi hafiki kesho. Wewe bado umesimama?"

Walitandaza shuka jeupe uani, juani. Mkereza alileta sanduku na keke yake yenye ncha nyembamba kabisa. Fundi aliyesifiwa miaka thelathini kwa mkono mtulivu alikosa tundu la kwanza mara mbili.

Gundi ilipotoboka, kalamu ilishusha pumzi. Harufu ya maziwa yaliyooza ilitoka nzima, ikaingia kooni kama kidole. Kisha kikatoka kitu, kikijisukuma kwa mikunjo, kinene kuliko tundu lenyewe, chenye rangi ya ufizi, kimefunikwa nywele zilizolowa. Hakikuwa na macho. Kilikuwa na mdomo tu, na mdomo ulikuwa unafumba na kufumbua. Kilianguka kwenye shuka, kikaacha doa, kikaanza kutambaa. Ndipo shuka lilipodidimia pembeni yake, kana kwamba mtu mzito amepiga goti hapo, na kitu kile kikanyanyuka hewani, kikabebwa, kikatoweka.

"Usitazame," msusi alinong'ona. "Toboa."

Akatoboa, na shuka likadidimia na kuinuka, likadidimia na kuinuka, naye akiwa amebana pumzi, machozi na kamasi vikimchuruzika bila kuthubutu kujifuta kwa mikono ile, akahesabu kumi, akahesabu ishirini, viganja vimejaa ute unaovutika kama mlenda, na kila mara goti lile lisiloonekana lilipiga karibu zaidi na goti lake, mpaka walipofika thelathini na tisa alikuwa anahisi joto la mwili wa mwingine begani, wawili wameinama juu ya kazi moja.

Ndani, mama alipiga kelele. Koplo alikuwa ameachia kalamu.

Pale palipozibwa palikuwa pametafunwa. Tundu lilikuwa wazi, tupu. Koplo alikaa kitako akauliza kwa sauti yake mwenyewe kama kuna chakula, akala sahani tatu.

Msusi alimmulika mdomoni kwa tochi ya simu. Alimtoa mkereza nje.

"Wa arobaini hayupo kwenye shuka, wala kwenye kalamu. Amemmeza."

"Atatokaje?"

"Mtoto huyu akikuta mlango wazi hutoka mwenyewe. Mama yake yuko hapa hapa anamsubiri, hatakwenda bila yeye. Mpe siku saba. Ila mwanao asizibwe popote, fundi. Si pua, si sikio. Hata kidonda asibandike plasta. Ukimfungia mara ya pili, mimi usiniite."

Mama wa Koplo aliomba binti asiambiwe. "Anakwenda mpakani. Mwacheni aende na hofu moja tu." Wakamwambia alikuwa na homa. Kalamu zilichomwa moto, na kamanda akaambiwa mbao ilioza. Alfajiri iliyofuata Koplo alirudi kambini, mzima, mwenye njaa. Getini baba yake alimshika mkono akamwambia akiumia asibandike plasta.

"Haya, daktari," alijibu, akampigia saluti.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, alipiga simu. Mkereza alikuwa karakanani, anafagia.

"Baba, shikamoo. Tunaondoka leo. Nimepita vipimo vyote."

"Marahaba, mwanangu. Vyote?"

"Kidogo wanizuie. Walikuta tundu kwenye jino la nyuma. Dogo, la duara, mpaka daktari akashangaa, maana hata haliniumi. Lakini askari haendi mpakani na jino bovu, ndiyo sheria." Alicheka. "Ameshaliziba, Baba. Limekuwa gumu kama jiwe."

Mkereza aliibana simu sikioni. Nyuma ya kicheko cha binti yake, karibu kabisa na kipaza sauti, mdomo mdogo ulivuta, ukaachia, ukalia.

"Baba? Unanisikia?"

Harufu ya maziwa yaliyochacha ilijaa karakanani. Kitu kizito kilipiga goti kwenye maranda kando yake, na shavu la moto, lililolowa, likajibana dhidi ya shavu lake, likisogeza sikio kwenye simu ile ile, ili nalo limsikie mtoto wake.