Kompyuta Iliyokimbizwa

Kitendawili! Haya, umeshasema tega. Ninaye mtumishi asiyekula wala kusinzia. Nikimwacha aende mwendo wake, kazi yake safi. Nikimkimbiza, ananidanganya macho makavu. Nani huyo? Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni kompyuta.

Hata Kemigisha wa Kituntu hakujua hilo, naye mwaka ule wa 1997 ndiye aliyekuwa mpiga chapa wa kanisa. Aliandika vyeti vya ubatizo. Asubuhi, ukungu ukiwa bado migombani, mashine ilimtii. Jua likipanda, vituko! Jina Athanasi lilitoka "Athcnasi". Mara kioo kiliganda. Aliifuta programu, akaiingiza upya kwa disketi. Wapi!

Mwalimu Anatory, katekista, alikuja na cheti mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Athcnasi ndiye nani? Hata malaika watashindwa kumwita."

"Si mimi. Ni mashine."

"Mashine ina vidole? Nikiona kosa tena, nitatafuta mwandishi mwingine."

Kemigisha alirudi nyumbani akilia. Mumewe Melkiory, fundi wa redio na jenereta la kanisa, alitazama chini.

Mwalimu Anatory akamwita Evangelina, fundi wa kompyuta kutoka Bukoba. Alipoifungua mashine, Kemigisha, mumewe na Mwalimu walikuwapo.

"Lo! Hii imekimbizwa," alisema. "Mnaona hiki kifuniko kidogo kama punje ya mtama? Ndicho kinachopanga mwendo. Kimehamishwa kutoka kwenye pini zake. Nani aliyefungua humu?"

Melkiory aligeukia dirishani. Nje jenereta lilinguruma.

"Kwani inakwenda mbio kiasi gani?" Kemigisha aliuliza.

"Ukianza kusema 'shi', kabla hujamaliza 'kamoo', imeshapiga hatua mamilioni," Evangelina alisema, akigusa kidude bapa cha mraba.

Mwalimu Anatory alivua kofia, kama aliyeingia kanisani.

"Mamilioni! Ndani ya kidude cha ukubwa wa biskuti?"

"Ndiyo, Mwalimu. Hii ni prosesa, ndiyo inayofikiri. Walioitengeneza waliipimia mwendo wake. Ukiuzidisha inapata joto, inakosea hatua moja katika mamilioni. Kosa likiangukia kwenye jina, a inakuwa c. Likiangukia kwenye programu, kioo kinaganda. Nawe unailaumu programu bure."

"Ndiyo maana kwenye baridi ya asubuhi ilitulia!" Kemigisha alisema. "Kumbe ni kama ndizi za rubisi, pombe yetu, zinapoivishwa. Ukichochea moto mno shimoni, ganda linageuka njano, ndani ngumu. Utakamua nini?"

Evangelina alicheka. "Umenishinda kueleza, mama. Kompyuta ikianza vituko visivyoeleweka, uliza kwanza kama mwendo wake umeongezwa. Urudishe ulivyokuwa, kisha uijaribu. Vituko vikiendelea, ndipo utafute ugonjwa mwingine. Na yote uliyoandika wakati ule, yakague upya."

Akakirudisha kile kifuniko mahali pake. Kemigisha akaandika mchana kutwa, jua likichoma bati. Mwalimu Anatory alisoma kila cheti kwa kidole. Athanasi alikuwa Athanasi. Kioo hakikuganda hata mara moja.

"Ajabu ya Mungu," alinong'ona. "Mamilioni, na hakuna hatua iliyopotea! Nisamehe, binti yangu. Kazi ni yako. Lakini jamani, aliyefungua ni nani?"

Melkiory alifuta mikono kwenye suruali.

"Ni mimi, Mwalimu. Nilisikia kule Kayanga kwamba inaweza kuongezwa mbio. Nilitaka mke wangu amalize mapema, afike nyumbani kabla mtoto hajalala."