Jiwe Lisilolala na Njaa

Asubuhi ya Jumanne Asumani alikuta unga wa moto.

Kopo moja tu, ndani ya sanduku lililo chini ya mawe ya kinu. Jana yake alikuwa amelifagia hilo sanduku mpaka mbao zikang'aa. Mlango wa maji ulikuwa umefungwa, gurudumu limesimama. Alichovya kidole. Unga ulikuwa wa waridi kidogo, na ulinuka kama kwato iliyoungua.

"Panya wamejifunza ufundi," alimwambia mkewe, Sofia, akacheka peke yake.

Ndivyo alivyokuwa. Fundi wa mtaa wa Hewa Bora, aliyefungua injini za malori kutoka Mokambo hadi Kindu, na kila alikopita aliacha mashine safi na mizaha michafu. Umeme ulipozidi kukatika mjini, alikikumbuka kinu cha maji cha mzungu mmoja wa wakati wa Wabelgiji, kule nyuma ya Luano, akakifufua kwa mikono yake. Mzee Mwenya, mtoto wa msagaji wa kwanza, alimpa ufunguo kwa sharti moja: kila jioni, kopo la mahindi lilale kati ya mawe. Asumani alitii mwezi mzima. Jumatatu akaona kinyesi cha panya, akafagia kila kitu.

Mwenya aliingia, akanusa, akasimama.

"Ulifagia?"

"Baba, hapa iko fasi ya chakula. Hygiène, usafi!"

Mzee alikaa chini kwenye gunia.

"Siku ya kwanza hii gurudumu ilizunguka, ilikamata bantu batatu, ikabasaga. Muzungu akasema ni accident. Baba yangu akaingia kusemezana nayo, akatoka nywele yote nyeupe. Bakasikilizana: jiwe isilale na njaa. Muzungu alikimbia, vita ilipita, gurudumu ilioza, lakini siye tulimupa tu. Kila jioni, Asumani. Weye umemunyima siku moja."

"Ni jini," Sofia alinong'ona. "Sasa usiku alikula nini?"

Mwenya aliutazama ule unga.

"Nilikuwa nakuja kuuliza kama mumeona imbwa yangu."

Hakuna aliyecheka, hata Asumani. Sofia alichota kopo la mahindi haraka, akapanda ngazi, akainama kumimina kwenye tundu la jiwe la juu. "Tumupe sasa hivi, tumuombe pardon..."

Maji hayakufunguliwa. Gurudumu likaguna, likaanza.

Ncha ya kitenge chake iliingia tunduni, jiwe likaivuta, na likaendelea kuvuta, taratibu kama mtu anayekunja kamba, mpaka shingo ya Sofia ikafika kwenye mbao za kinu na uso wake ukagonga jiwe, ukagonga tena, meno mawili yakaruka, damu ikachora duara jekundu juu ya jiwe, huku Asumani akichomeka nondo katika gurudumu na nondo ikikatika kama muwa, akipiga ekseli kwa nyundo na nyundo ikimrukia kifuani, akisoma Ayatul Kursiyu kwa sauti iliyopasuka na jiwe nalo likisoma pamoja naye, neno moja mbele yake, bila kukosea, kwa sauti nene na tulivu ambayo Mwenya, akiwa ameziba masikio, aliijua kuwa ya marehemu baba yake.

Macho ya Sofia yalianza kugeuka.

Asumani hakufikiri. Alisukuma mkono wake wa kuume kati ya mawe.

"Chukua hii! Mwache mke wangu! Chukua!"

Vidole vilikwenda kwanza, kimoja kimoja, kwa mlio wa karanga. Kisha kiganja. Kwenye kifundo cha mkono jiwe lilipunguza mwendo, kama mtu aliyeonja mchuzi akanyamaza. Likasimama. Kitenge kikalegea, Sofia akaanguka chini akikohoa, hai.

Mwezi uliofuata, nyumbani Hewa Bora, Asumani alikuwa akijifunza kumega bukari, ugali wa kwao, kwa kushoto. "Mungu atanisamehe," alisema. "Kuume iko en congé, imeenda likizo." Sofia alicheka kwa pengo lake, na kicheko kile kilimfaa kuliko mkono.

Mwenya akabisha hodi. Alikuwa na gunia la mahindi mazima, yaliyolowa mate.

"Nimemupatia, anatema. Nimemupatia kuku, nimemupatia mbuzi. Anatema."

"Anataka nini?" Sofia aliuliza.

Mzee hakumtazama Asumani usoni.

"Bale bantu batatu ya kwanza, alibanyang'anya. Mahindi, tulimupa juu ya woga. Hakuna muntu alishamupa kintu na mapendo. Sasa ameonja. Anasema ile ya mapendo iko tamu kupita yote."

Sofia aliuchukua mkono wa kushoto wa mumewe, ukiwa bado na bukari vidoleni, akaufunga ndani ya kitenge, akaukumbatia kifuani kwa nguvu zake zote.

Nje, katika mtaa usio na kijito, wote watatu walisikia maji.