Kiraka cha Ua

Mwongozaji wa filamu Ma Sang-do alikutwa amekufa saa ya chakula cha jioni, kifudifudi katika chumba cha wageni wa heshima, vidole vikielekea mlangoni. Mashavu yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kucheka.

Inspekta Tak wa polisi wa Andong alivua viatu kwenye jiwe la kizingiti, akaingia, akachuchumaa. Wekundu ule hakuupenda hata kidogo.

"Gesi ya makaa," alisema daktari wa polisi. "Imepenya kwenye nyufa za sakafu. Alilala mchana akiwa amelewa pombe ya mchele, basi."

"Ajali, afande," alidakia Mzee Gwak, mwenye nyumba. "Nyumba ya mababu hii, sakafu imechoka. Na mvua hii ya Julai, usipokoka moto chini, kila kitu kinaota ukungu."

Hapo mzee hakusema uongo. Hata mama yake Tak hukoka moto chini ya sakafu msimu wa mvua.

Nyumba ya Gwak ilipata jina miaka kumi na miwili iliyopita, Ma alipopiga filamu yake humo. Tangu hapo watu hutoka hata Seoul kuja kulala, wakapiga picha kando ya bwawa la mayungiyungi, pale bibi harusi wa filamu anapozama. Wiki hii Ma mwenyewe alikuwa amerudi, kula na kusifiwa.

Tak aliukagua mlango wa karatasi. Kingo zake zote zilibandikwa kwa nje vipande virefu vya karatasi mpya, vya kuzuia upepo.

"Sajini Bong, kwenu mnaziba upepo mwezi gani?"

"Novemba, afande. Tukishamaliza kutia kabichi ya kimchi kwenye mitungi."

"Na leo?"

"Leo Julai. Mimi hapa nahema kama mbwa."

Tak akashusha macho. Karibu na komeo la nje palikuwa na tundu la ukubwa wa kidole, na juu yake kiraka. Alikigusa. Gundi ya unga wa mchele ilikuwa bado mbichi.

"Karatasi imechanika kuelekea nje," alisema taratibu. "Ametoboa yeye, kutoka ndani. Alitaka hewa."

"Lakini kiraka kimebandikwa nje, afande."

"Ndiyo. Mtu alisimama hapa, akakiona kidole cha mtu anayekufa, akaenda kuleta gundi."

Bong akainama kukitazama.

Kiraka chenyewe kilikatwa vizuri, ua la mplamu lenye petali tano. Tak aliizunguka nyumba nzima. Mlango wa jikoni, ua. Mlango wa ghala, ua. Kila tundu la nyumba ile lilizibwa kwa ua lile lile.

"Mzee, nani hubandika karatasi humu?"

"Aah, watu wengi tu..."

"Usinichezee, mzee."

Gwak akakohoa. "Mkwe wangu."

Bi Pyo, mjane wa mtoto wa Gwak, alikuwa jikoni akisafisha samaki wa chumvi. Hakuinuka.

"Mama, nani alikoka moto wa chumba kile?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Unyevu."

"Nauliza ulikoka kwa kitu gani."

"Makaa."

"Kuni zimejaa ghalani mpaka darini. Makaa ya nini?"

Bi Pyo aliendelea kukwangua magamba.

"Nionyeshe mikono." Gundi ilikuwa imekaukia kwenye kucha. "Ungebandika kipande chochote, mama. Kwa nini ulihangaika kukata ua?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mchele unaoshwa. "Nibandike ovyo, kwenye mlango wa chumba cha heshima? Mama aliyenilea hakunifunza hivyo."

"Nyamaza, mama Sol-a!" Mzee Gwak alipaza sauti mlangoni. "Ukifungwa, nani atawapikia wageni?"

Hapo ndipo alipoinuka, kisu cha samaki mkononi. Bong akashika rungu. Lakini Bi Pyo alikitupa kisu kwenye beseni.

"Wageni! Wageni wako, baba mkwe! Afande, binti yangu Sol-a alikuwa na miaka kumi na tisa. Mwigizaji wao aliogopa maji ya barafu, wakamvika mwanangu nguo za bibi harusi azame badala yake. Nguo zikalowa, zikamvuta chini. Akarusharusha mikono. Wengine walidhani anaigiza. Huyu Ma alikuwa karibu, aliona macho yake. Hakusema 'kata' ili kamera isimame. Kisha akaitia picha hiyo hiyo kwenye filamu. Na huyu mzee akakubali iitwe ajali, ili nyumba ivume. Miaka yote hii napeleka chai kwa watu wanaocheka pale alipofia mwanangu!"

Tak aliwahi kuiona filamu ile. Tukio la bwawani lilimliza, na mke wake alimtania njia nzima kurudi nyumbani.

"Mbona hukumgusa siku zote hizi?"

"Alikuwa hajarudi. Jana akiwa mezani akawaambia wageni kwamba ile ndiyo picha ya kweli kuliko zote alizopiga maishani. Akaomba aongezwe samaki. Nikamwongezea."

"Na leo alipotoboa karatasi?"

"Alisema, 'Fungua.' Sauti ilikuwa ndogo. Nilikuwa nimeshika komeo, afande. Nikainama nikamwambia, mimi ni mama yake Sol-a. Nilitaka aniombe msamaha. Angeomba, pengine ningefungua."

"Hakuomba?"

Bi Pyo alifuta mikono kwenye aproni, akainyoosha mbele ifungwe pingu.

"Aliniuliza, 'Sol-a ndiye nani?' Ndipo nikaenda kuchukua gundi."